Kupiga Kambi Ukiwa na Baiskeli ya Milimani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapopanga kwenda kuendesha baiskeli milimani kwa siku mbili tatu na kulala kwenye kambi za umma. Safari nyingi za namna hii haziharibikii njiani, zinaharibikia kambini: mtu hakulala kwa baridi, maji yaliisha usiku, baiskeli imeibwa, au breki imerukiwa na mafuta ya kukaangia. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanahusu usiku kuliko mchana.

## Kuchagua kambi

Kambi ya umma ni kitu gani hasa?

Ni eneo lililotengwa na serikali, halmashauri, idara ya misitu au mamlaka ya hifadhi ili watu wapige hema humo, kwa malipo au bure. Kwa kawaida limegawanywa viwanja vyenye namba, kila kimoja na mahali pa kuegesha gari, pa kusimamisha hema, meza, na mara nyingi duara la chuma au mawe la kuwashia moto. Huduma hazifanani hata kidogo. Kuna kambi zenye bafu la maji moto na umeme, na kuna zenye choo cha shimo na ubao wa matangazo, basi.

Kulala porini nje ya kambi ni jambo jingine lenye sheria zake. Norway, sheria ya mwaka 1957 inamruhusu mtu kulala kwenye ardhi isiyolimwa mradi awe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Scotland, sheria ya mwaka 2003 inatoa haki pana ya kupita kwa baiskeli na kulala nje, lakini tangu 2017 sehemu za kandokando ya ziwa la Loch Lomond zinataka kibali kuanzia Machi hadi Septemba. Kwingine ni marufuku kabisa. Uliloruhusiwa katika nchi moja linaweza kukuletea faini katika nchi ya pili.

Nichague kambi kwa kuangalia nini?

Watu huanza na picha: ziwa, machweo, kilele kwa nyuma. Anza na ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, uone kama kambi iko juu au chini ya njia unazotaka kuendesha. Ukilala bondeni unapanda asubuhi ukiwa na nguvu, jioni unateremka ukiwa umechoka. Ukilala juu unapata mteremko mtamu asubuhi, kisha unalipia saa kumi na moja jioni, miguu imekwisha na chupa ni tupu. Kambi ya juu pia ina baridi zaidi (tazama swali la baridi hapo chini). Kama hakuna gari la kuwarudisha juu, mimi ningechagua ya bondeni bila kufikiri mara mbili.

Baada ya hapo uliza maji. Usiridhike na alama ya bomba kwenye ramani. Mabomba ya kambi hufungwa majira ya baridi ili yasipasuke, na hufungwa pia kisima kikikauka au maji yakishindwa kipimo. Mpigie simu msimamizi, au soma matangazo ya karibuni ya mamlaka husika.

Kisha kivuli. Sehemu za joto, tafuta kiwanja chenye miti upande wa mashariki, maana jua likishapiga hema saa moja asubuhi hakuna anayelala tena. Sehemu za baridi fanya kinyume: jua la mapema hukausha umande kwenye hema na kukutoa kitandani kwa hiari.

Umbali nao unawadanganya wengi. Kambi iliyo mwanzoni kabisa mwa njia inaonekana ndiyo bora, kumbe magari ya wanaokuja kwa siku moja yanaingia tangu alfajiri, milango inabamizwa, na mwizi wa baiskeli anajua hapo ndipo zilipo. Kilomita mbili hadi tano za barabara tulivu kati ya hema na njia hazimuumizi mtu. Zinapasha miguu joto.

Ni lazima niweke nafasi mapema?

Kwa wikendi na sikukuu, ndiyo. Kambi nyingi za serikali kuu ya Marekani hubukiwa kupitia tovuti ya Recreation.gov, na nyingi hufungua nafasi miezi sita kabla. Zile zilizo karibu na njia mashuhuri kama za Moab, Utah, hujaa haraka katika majira ya kuchipua na ya vuli, ambayo ndiyo majira mazuri ya kuendesha huko.

Kambi nyingine hazibukiwi kabisa: anayewahi ndiye anayepata. Kwa hizo, fika Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Muda wa watu kuondoka huwa karibu saa tano asubuhi au saa sita mchana, kwa hiyo kuanzia saa nne anza kuzunguka polepole ukiangalia nani anakunja hema. Kumwuliza mtu kwa adabu kama anaondoka leo si kosa. Kumsimamia akifunga mizigo ni kosa.

Nikishalipia kambi, naruhusiwa kuendesha kwenye njia zote zilizo karibu?

Hapana. Kibali cha kulala na ruhusa ya kuendesha ni vitu viwili. Marekani, maeneo ya pori yaliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1964 hayaruhusu vyombo vya kimakanika, na baiskeli imehesabiwa humo. Unaweza kukuta kambi iko mpakani kabisa na eneo hilo, na njia nzuri inayoanzia chooni ni ya waendao kwa miguu tu. Katika hifadhi za taifa za huko, baiskeli hubaki barabarani na kwenye njia zilizotajwa waziwazi. England na Wales, baiskeli zimeruhusiwa tangu 1968 kwenye njia za farasi, ila si kwenye vijia vya waenda kwa miguu. New Zealand, njia ya Heaphy hufunguliwa kwa baiskeli kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Novemba, miezi mingine wanaotembea wanaachiwa wenyewe.

Angalia kibao mwanzoni mwa njia. Ramani za simu huchorwa na watu wa kujitolea, na mstari kwenye skrini haukupi haki ya kupita.

Nakuja kwa baiskeli tu, sina gari. Nitapata nafasi?

Mara nyingi kwa urahisi zaidi kuliko mwenye gari. Kambi kadhaa za hifadhi za majimbo ya Oregon na California zina viwanja vya waliokuja kwa miguu au kwa baiskeli, ambavyo ni vya bei nafuu na kwa kawaida havibukiwi. Mtalala pamoja na wasafiri wengine kwenye eneo moja, kwa hiyo usitarajie faragha. Masharti ni kwamba huna gari lililofichwa nyuma ya kilima. Wasimamizi wanaijua hila hiyo.

## Mzigo na vifaa

Nichukue hema la ukubwa gani?

Kama mnakwenda kwa gari, chukua hema lililoandikwa watu zaidi yenu kwa mmoja au wawili. Hema la watu wawili linawatosha watu wawili wasio na kofia ngumu, viatu vyenye matope, mabegi ya maji na nguo mbichi za jasho. Ukumbi wa mbele wenye paa unafaa kuliko nafasi ya ndani, kwa sababu ndipo vitu vichafu vinapolala.

Kama mzigo uko juu ya baiskeli, mambo yanageuka: hema jepesi la mtu mmoja, au turubai na chandarua. Nguzo ndefu zisizoingia kwenye begi la usukani ni kero, kwa hiyo pima urefu wa kipande kimoja cha nguzo kabla ya kununua.

Beba vigingi vya aina mbili. Vyembamba vinapinda kwenye udongo mgumu wa kambi uliokanyagwa miaka mingi, na kwenye mchanga haviishiki kamba. Penye mwamba mtupu, funga kamba kwenye jiwe kubwa au kwenye mfuko uliojazwa mawe.

Mchana joto lilikuwa kali, kwa nini usiku tuliganda?

Kwa sababu mlima ni mlima. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mabondeni hewa baridi huteremka usiku na kutuama, hata kambi ya kando ya kijito inaweza kuwa baridi kuliko mteremko ulio mita hamsini juu yake.

Wengi hununua mfuko mzito wa kulalia na kusahau kilicho chini yao. Manyoya au pamba ikigandamizwa na mwili haizuii baridi; kinachokutenga na ardhi ni godoro. Angalia thamani yake ya R, yaani kipimo cha jinsi linavyozuia baridi: godoro la kupulizia la bei rahisi lenye R ya 1 au 2 linafaa kiangazi tu, na ardhi ikikaribia kuganda utahitaji 4 au zaidi.

La mwisho, ondoa kaptura ya kuendeshea mara tu ushukapo kwenye baiskeli. Ile sponji yake hubaki mbichi kwa jasho, na ukikaa nayo mpaka chakula cha jioni umejiletea baridi na vipele vya mapajani kwa pamoja.

Vifaa gani vya matengenezo ni vya lazima?

Vya njiani: tyubu moja hata kama matairi yako hayatumii tyubu, pampu, viraka, plagi za kuzibia tairi la tubelesi, alenki, kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo cha haraka cha mnyororo wako.

Vinavyobaki kambini ndivyo watu husahau. Beba kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde kabla ya fremu, na mara nyingi hakifanani kati ya baiskeli na baiskeli. Cha rafiki yako huenda kisikufae. Ongeza jozi ya pedi za breki, kwa kuwa siku moja ya mvua na mchanga inaweza kuzila pedi zilizokuwa na maisha ya miezi. Ongeza pampu ya shokapu, mafuta ya mnyororo, kitambaa, na chupa ndogo ya dawa ya maji ya kuziba matundu ya tairi, ambayo hukauka ndani ya tairi baada ya miezi michache, joto likiwa kali hata mapema zaidi.

Paka mnyororo mafuta jioni, baada ya kuufuta. Mafuta yanahitaji saa kadhaa kuingia ndani ya viungo; yanayopakwa asubuhi dakika moja kabla ya kuondoka hubaki nje na kukusanya vumbi.

Nisafirisheje baiskeli kwenye gari bila kuiharibu?

Ukilaza baiskeli yenye breki za diski bila gurudumu, weka kipande cha kadibodi kati ya pedi. Mtu akibana mkono wa breki bila diski kuwepo, pedi husogea na kukutana, na kuzirudisha gizani kambini si kazi ya kumtakia mtu. Ukiifunga nyuma ya gari, hakikisha tairi haiko mbele ya bomba la moshi. Moshi wa moto huyeyusha mpira. Ukiifunga juu ya paa, weka karatasi kwenye usukani wa gari ikukumbushe, maana malango na matawi ya kambini ni ya chini.

## Maisha ya kambini

Usiku baiskeli ilale wapi?

Ndani, kama inawezekana: ndani ya gari au ukumbini mwa hema, imefungwa kufuli hata humo. Kama lazima ilale nje, iondoe machoni pa barabara. Wezi wa kambini wengi hawatembei hema kwa hema, wanapita na gari wakitazama.

Kufuli ipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma, kisha kwenye kitu kisichong'oka. Meza za kambi nyingi zimefungwa kwa mnyororo au zimejengewa kwa zege, nazo zinafaa. Mti si mahali pazuri, kwani kambi nyingi zinakataza kufunga kitu kwenye miti, na mnyororo huchubua gome. Kufuli iliyokuja na kibebeo cha nyuma ya gari huwa ni waya mwembamba unaokatwa kwa koleo la mkononi, kwa hiyo ongeza ya kwako. Baiskeli zikiwa kadhaa, zifungeni pamoja, moja ikitazama huku na nyingine kule, pedali zikiwa zimepitishwa ndani ya fremu za jirani, halafu juu yake tundikeni sufuria mbili. Anayezivuta gizani atawaamsha kambi nzima.

Kabla ya safari piga picha ya namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa kwa chini, pale ekseli ya pedali inapopita. Polisi hawawezi kukurudishia baiskeli "nyeusi, ya milimani".

Naweza kuosha baiskeli kwenye bomba la kambi?

Hapana, hata kama hakuna kibao kinachokataza. Bomba hilo ni la maji ya kunywa, na matope, grisi na mbegu za magugu zinazotoka kwenye matairi hubaki pale ambapo mwenzako anajaza chupa. Kama kambi ina sehemu maalumu ya kuoshea, itumie. Kama haina, acha matope yakauke, yapangue kwa brashi mbali na maji, kisha futa mnyororo, shingo za shokapu na diski. Baiskeli haihitaji kung'aa ili iende kesho.

Jambo linalofanana na hilo: usijipulizie dawa ya mbu karibu na baiskeli. Matone yakitua kwenye diski, pedi hunyonya, breki hupiga kelele na kupoteza nguvu, na mara nyingi dawa yake ni kununua pedi mpya. Mafuta ya kukaangia hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo jiko na baiskeli vikae mbalimbali.

Maji kiasi gani, na ya kijito yanafaa?

Kuendesha peke yake hutaka nusu lita hadi lita moja kwa saa, kutegemea joto na mpando. Kisha ongeza ya kupikia, kunawa na kunywa usiku. Kambi isiyo na bomba, kwa watu wanaotoka jasho mchana kutwa, panga angalau lita nane kwa mtu kwa siku, na uache akiba garini.

Maji ya kijito yachemshe yatokote dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu, kwa kuwa huko hutokota kabla ya kufikia joto la kawaida. Vichujio vidogo vya kubebwa huzuia bakteria na vijidudu kama giardia, lakini vingi havizuii virusi. Kichujio cha nyuzi kikishalowa kisigande: barafu hupasua nyuzi ndani na hutaona alama yoyote kwa nje. Usiku wa baridi lala nacho.

Chakula nikihifadhije, wanyama wasije?

Fuata sheria ya kambi husika. Penye dubu mara nyingi kuna makabati ya chuma, na kila chenye harufu huingia humo: chakula, takataka, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo. Waendesha baiskeli wana kosa lao la kipekee, nalo ni vipande vya chakula cha njiani vilivyosahauliwa mfukoni mwa jezi na kwenye begi la maji. Kagua mifuko yote kabla ya kulala. Kama kinywaji ulichobebea kina sukari, mrija na mfuko wake navyo vinanukia.

Hata pasipo na mnyama mkubwa, panya watakuja. Wanyama wanaopenda chumvi hutafuna glavu, mikanda ya begi na vishikio vya usukani vilivyolowa jasho. Nungu ni hodari kwa hilo. Tundika vitu hivyo juu au vilale ndani.

Naweza kuja na kuni zangu?

Usifanye hivyo kutoka mbali. Kuni hubeba wadudu na mayai yao chini ya gome. Mdudu mtoboa miti kutoka Asia aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua mamilioni ya miti ya jenasi Fraxinus, na kuni za wapiga kambi ni mojawapo ya njia zilizomsambaza. Nunua kuni karibu na kambi. Kuokota matawi makavu kambini nako hukatazwa kwingi. Wakati wa ukame moto wote unaweza kupigwa marufuku, kwa hiyo beba jiko la gesi bila kujali ahadi za kuota moto. Usipikie ndani ya hema hata mvua ikinyesha: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Majirani hulalamikia nini zaidi?

Taa. Tochi ya kofia ya kuendeshea usiku ina mwanga wa kuangaza msitu, na mwenye nayo akigeuza kichwa anamulika mahema kumi. Kambini tumia tochi ndogo. Pili ni mlio wa ekseli ya nyuma baiskeli inaposukumwa saa tano usiku, inyanyue. Saa za utulivu kwa kawaida huanza saa nne usiku.

Naweza kuacha hema limesimama nikiwa njiani siku nzima?

Ndiyo, ndiyo desturi ya kambi. Ila upepo wa mchana milimani huwa mkali kuliko wa usiku, kwa hiyo kaza kamba zote na uache kitu kizito ndani. Vya thamani usiviache. Zipu haina kufuli.

## Kuendesha kutoka kambini

Mvua imenyesha usiku kucha. Twende?

Inategemea udongo. Mwamba na mchanga mwingi huvumilia, na mchanga mwingine huwa mzuri zaidi ukilowa. Udongo wa mfinyanzi haufai: tairi huacha mfereji, mfereji hukauka ukawa mgumu, mvua inayofuata huufanya mto mdogo, na njia imekufa. Pimia hapo hapo kambini. Tembea hatua kadhaa kwenye njia. Kiatu kikiacha alama ya kina au tope likinata na kupanda juu, subiri. Tope la mfinyanzi hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu halizunguki, na kulazimisha pedali ndipo kibadilisha gia kinapovunjika.

Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita katikati yake. Kulikwepa hupanua njia. Katika majangwa ya nyanda za Colorado kuna sababu ya pili: ule udongo mweusi wenye vinundu kando ya njia ni viumbe hai vinavyoshikilia ardhi, na tairi moja linaweza kuharibu kilichochukua miaka mingi kukua.

Kwa nini tunaamka na pancha?

Mbigili. Hupenda ardhi iliyovurugwa, yaani kingo za viwanja vya kambi na maegesho hasa. Kila punje ina miiba migumu, na mmoja huwa juu namna yoyote itakavyoanguka. Tairi huuchukua jioni, hewa huvuja usiku. Nyanyua baiskeli unapovuka majani makavu, na tairi la tyubu lipapase kwa nje kabla ya kulala. Mwiba ulioingia kwenye tairi la tubelesi uache mpaka uwe na pampu mkononi, kisha uuchomoe na uzungushe gurudumu ili dawa ifike kwenye tundu.

Tuko watu kumi na wawili. Kiwanja kimoja kinatosha?

Kwa kawaida hapana. Viwanja vingi vina kikomo cha watu sita hadi wanane na magari mawili. Tafuteni kiwanja cha makundi, au viwili vinavyopakana.

## Hali zisizo za kawaida

Baiskeli yangu ni ya umeme. Nitachajije, na nitaruhusiwa?

Anza na ruhusa. Umoja wa Ulaya huihesabu kuwa baiskeli ile yenye mota isiyozidi wati 250 inayosaidia mpaka kilomita 25 kwa saa. Marekani, daraja la kwanza husaidia mpaka kama kilomita 32 kwa saa, lakini kwenye ardhi nyingi ya umma huwekwa kundi la vyombo vya moto mpaka mkuu wa eneo aruhusu njia fulani.

Kuhusu chaji, pawabanki ya simu haitakusaidia: ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74 (saa-wati, kipimo cha nishati), na betri ya baiskeli mara nyingi ina Wh 500 au zaidi. Unahitaji kiwanja chenye umeme au betri kubwa ya kubebeka yenye uwezo unaozidi wa betri yako, kwa sababu sehemu hupotea kwenye ubadilishaji. Soketi za chooni si za kazi hiyo. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ilale ndani, ichajiwe ikishapata joto.

Tumefika usiku na kambi imejaa.

Usiingie kwenye kiwanja cha mtu kwa kudhani hatakuja. Soma ubao: mara nyingi umetaja kambi ya akiba. Mtafute msimamizi kama taa yake inawaka. Kuna wenye viwanja vikubwa wanaokubali kugawana gharama, mradi kikomo cha watu hakijapita. Ndiyo sababu ya kuweka majina ya kambi mbili mbadala, na ramani zake ziwe zimepakuliwa kwenye simu kabla mtandao haujakatika.

Tunaweza kupiga hema kwenye mto mkavu? Mchanga wake ni laini.

Hapana. Mvua iliyonyesha kilomita nyingi juu ya hapo, ambayo hamkuisikia, inaweza kushuka kama ukuta wa maji na magogo. Ulaini wake ni kwa sababu maji hupita hapo.

Mwenzetu ameanguka na kugonga kichwa, lakini anasema yuko sawa.

Siku yake ya kuendesha imekwisha, hata kama anabisha. Mtu aliyetikisika ubongo mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Asiachwe peke yake usiku huo. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, ni hospitali sasa hivi.

Kwa hiyo mkifika kambini, kabla ya kufungua mizigo, andikeni kwenye karatasi jina la kambi, namba ya kiwanja, viwianishi vyake na mahali simu inaposhika. Namba 112 hufanya kazi kwa simu za mkononi katika nchi nyingi. Baadhi ya simu zilizotoka tangu 2022 hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, ila si kila nchi.

Na zile njia za siku kadhaa ambazo unalala kambi tofauti kila usiku?

Huko kambi ndiyo inayoamua ratiba. Mzunguko wa White Rim katika hifadhi ya Canyonlands, Utah, una kama kilomita 160; unalala kwenye viwanja vilivyotajwa kwenye kibali tu, na njiani hakuna maji ya kunywa, ndiyo maana makundi mengi huandamana na gari la magurudumu manne linalobeba maji. Old Ghost Road ya New Zealand, kilomita 85, ina vibanda vya kulala vinavyobukiwa. Katika njia kama hizi kwanza pata usiku, ndipo upange mchana. Mkipata kambi ya pili na ya nne bila ya tatu, hamna safari.

Naweza kuhamia kambini kwa msimu mzima?

Kambi nyingi zina kikomo. Kwenye ardhi ya umma ya Marekani siku 14 ndicho cha kawaida, na katika maeneo mengi zinahesabiwa ndani ya kipindi cha siku 28, ambapo kuhama kiwanja kimoja kwenda cha jirani hakuanzishi hesabu upya. Norway, porini, ni usiku mbili mahali pamoja karibu na makazi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Wanaotaka kukaa zaidi huomba kazi ya kujitolea ya usimamizi wa kambi: wanapewa kiwanja bure kwa kuhudumia wageni na kusafisha vyoo, na njia wanaziendesha siku za katikati ya wiki, wengine wakiwa kazini.